Mawe Matatu ya Tochi ya Baba Mkwe

Jumatano, 30 Machi 1955

Mvua ya masika ilianza kabla ya alfajiri na imekatika sasa hivi tu, na mimi nimecheka leo mpaka mbavu zinaniuma. Ni siku ya nne ya fungate. Daftari hili nililitia sandukuni ili niandalie masomo ya muhula ujao, lakini masomo yatangoja. Ukurasa huu nauandika kwa ajili yangu mwenyewe.

Nianze na yaliyokuwa moyoni asubuhi, kwa sababu sasa yananichekesha, na kesho huenda nikajidanganya kwamba hayakuwapo.

Asubuhi nilikuwa mtu mwenye huzuni na tumbo lililojaa. Kwetu Nungwi mtu akisikia fungate ya mjini hudhani ni raha tupu. Siku saba uko nyumbani kwa wakwe, hutoki ila kwenda msikitini, huna kazi ila kula. Kula nimekula. Supu baada ya sala ya alfajiri, mkate wa mayai saa tatu, kuku wa kupaka adhuhuri, na katikati ya hayo mayai ya kuchemsha na halwa. Nikisema nimeshiba, Bi Zuwena hunitazama kana kwamba nimemtukana mamake. Huyu Bi Zuwena ni somo wa mke wangu, mwanamke mzima aliyemfunda kabla ya harusi, na siku zote hizi amepiga kambi nje ya mlango wetu ili tusikose kitu. Kanzu niliyoolea ilinipwaya siku ya Jumamosi. Leo imenikaa sawasawa, na Ijumaa sijui.

Lakini mke wangu alikuwa hajanisemesha.

Siku nne, hata neno moja. Nikimwuliza kitu, Rukia hunijibu kwa kichwa. Nikimtazama, yeye huitazama hina ya viganja vyake. Si bubu, wala si mkimya. Nimemsikia kwa masikio yangu akicheka na Bi Zuwena chumba cha pili, kicheko cha mtu asiye na shida duniani. Akirudi kwangu, anafunga kinywa kama duka la siku ya Ijumaa.

Posa yangu ilipelekwa na shangazi yangu, Bi Mize, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Jibu lililetwa na ami yake Rukia. Mimi na yeye hatukuulizana lolote. Basi jana usiku, nikiwa nimekaa hapa, nikaanza kujumlisha, na hesabu zangu zote zikaleta jawabu moja: binti huyu hakunitaka, ila wamemkubalia. Nikaazimia kwamba siku ya saba, kabla sijatoka, nitamwuliza wazi. Akisema hanitaki, nitamwacha kwa wema, na lawama nitaibeba mimi. Azimio hilo lilikuwa la kiungwana, na lilinikosesha usingizi usiku mzima.

Sasa nije kwenye mawe.

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nafundisha sayansi katika skuli ya wavulana hapa mjini, mwaka wa tatu huu. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba umeme ukipita ndani ya maji huyagawa yakawa hewa mbili, na kwamba moja yake, haidrojeni, ni nyepesi kuliko hewa zote, nayo ukiipelekea moto hulia. Nachora bakuli, nachora waya, nachora viputo vya chaki vinavyopanda. Kila mwaka hutokea mwanafunzi akaniuliza kama nimeshaiona kwa macho yangu. Kila mwaka najibu, bila shaka.

Uongo mtupu. Sijapata kuona hata kiputo kimoja.

Leo baada ya kula, Rukia amekaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake imeshuka mpaka kwenye nyusi, nikaona kwamba nisipoishughulisha mikono nitaanza kusema peke yangu. Nikakumbuka tochi yangu ndani ya sanduku. Mawe yake mawili yanayoipa umeme yalikwisha kufa zamani, yamevimba na kutoa uchafu. Nikatandika gazeti kuukuu juu ya mkeka, nikayapasua kwa kisu cha matunda. Ndani ya kila jiwe la tochi mna kijiti cheusi cha makaa, na vijiti viwili hivyo ndivyo nilivyovitaka. Kwa waya, nilikata ncha zilizozidi nyuma ya kioo cha ukutani, kilichotundikwa kwa waya mrefu kuliko haja. Mikono yangu ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Rukia akainuka, akaniletea kitambaa kibovu, akakiweka pembeni yangu, akarudi kukaa. Nami nikashukuru kwa kichwa, maana nilikuwa nimeshaizoea lugha hiyo.

Yalikosekana mawe mazima. Na hapa ndipo shetani aliponisaidia.

Ukumbini, ghorofa iliyo chini yetu, kwenye msumari karibu na ngazi, hutundikwa tochi ya baba mkwe, Mzee Abdalla. Ni tochi ndefu ya mawe matatu. Macho yake hayana nguvu na ngazi za nyumba hii ni za giza hata saa sita ya mchana, kwa hiyo hashuki wala hapandi bila ya tochi hiyo mkononi. Saa ile alikuwa amelala usingizi wa baada ya chakula. Bi Zuwena naye alikuwa ameteremka jikoni. Nikajiambia naazima kwa saa moja tu, na kwamba kitu cha mkwe si kitu cha mtu baki. Mwizi hakosi la kujiambia. Niliyatoa mawe, nikaifunga tochi vizuri, nikairudisha msumarini ikiwa tupu.

Nikayapanga mawe matatu kichwa kwa kitako ndani ya karatasi niliyoizungusha, nikayafunga uzi. Waya mmoja kichwani, mwingine kitakoni, kila mmoja na kijiti chake. Nikachukua bakuli la kioo la matunda, nikalijaza maji ya mvua yaliyokingwa asubuhi, kwa sababu nilidhani kwamba kwa kazi tukufu kama hii kilicho safi kabisa ndicho bora kabisa. Nikapiga bismillahi, nikatumbukiza vijiti.

Hakikutokea kitu.

Nikangoja. Kiputo kimoja kikajitokeza kwenye kijiti, kidogo kuliko mbegu ya ufuta, kikaganda hapo hapo kikinitazama. Nikakaza nyuzi. Nikageuza mawe. Nikapiga bismillahi ya pili, kwa sauti zaidi. Jasho likanitoka, si kwa joto bali kwa aibu, maana mke wangu alikuwa amesogea mpaka mwisho wa kitanda na anatazama kila nifanyalo. Nikawaza kwamba hata kama alikuwa na nia ya kunitaka kidogo, sasa amemwona aliyemwoa: mtu mzima, mikono myeusi, amekaa chini anayaombea maji.

"Tia chumvi."

Niliinua kichwa taratibu. Sikuwa na hakika kama nimesikia.

Rukia alikuwa ameziba kinywa kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, kama mtu aliyeangusha chungu kipya. Kisha nadhani aliona kwamba maji yameshamwagika na hayazoleki, akashuka kitandani, akachukua kisahani cha chumvi kilichobaki na mayai ya kuchemsha, akakisukuma mkekani mpaka magotini pangu. "Mawe ya tochi yakifa, tunayatoboa tukayatia maji ya chumvi," akasema, sasa haraka haraka. "Yanafufuka siku mbili tatu. Maji matupu hayafanyi kitu. Nshajaribu."

Basi hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mke wangu kwangu mimi. Wengine huambiwa maneno ya mahaba. Mimi nimeambiwa nitie chumvi, na sibadilishani na mtu.

Nikatia. Nikakoroga kwa kidole. Na kijiti kilichofungwa kwenye kitako cha jiwe kikaanza kutoa viputo. Vilikuwa vyembamba na vyeupe, vinafuatana mbio bila ya kukatika, vinapanda na kupasuka juu ya maji kwa sauti ndogo sana ambayo ilitubidi tuinamishe vichwa vyote viwili ili tuisikie. Nilikuwa nimevichora kwa chaki miaka mitatu, lakini chaki haikunionyesha kwamba vinakwenda kwa haraka hivyo. Macho yangu yalijaa machozi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia kidogo kwa furaha, mbele ya mke wangu, kwa ajili ya maji ya chumvi, na yeye akanipa tena kile kitambaa kibovu. Kwa hiyo nikajipaka masizi usoni.

Hapo ndipo alipocheka. Kile kicheko cha chumba cha pili. Safari hii nilikuwa ndani yake.

Nikakumbuka wasia wa shangazi. Kabla sijatoka Nungwi, Bi Mize alinipa vipuli vya dhahabu vya marehemu mama, vimefungwa ndani ya leso, akaniambia kwa kidole kilichoinuliwa kwamba nisimpe mke wangu mpaka yeye mwenyewe anisemeshe kwanza, ndivyo wafanyavyo watu wenye heshima. Nikaenda sandukuni nikaileta leso. Rukia akaifungua, akavitazama vile vipuli kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, mbona nimevikalia siku nne. Nikamweleza. Akajiinamia akicheka mpaka kanga ikamwanguka. Kumbe Bi Zuwena naye alimfunda asimfungulie bwana harusi kinywa hata kwa dawa, mpaka amkabidhi kitu chake kwanza, ndivyo wafanyavyo watu wenye heshima.

Siku nne nzima tulikuwa tunangojana. Mimi nina leso sandukuni, yeye ana maneno kinywani, na bibi wawili wenye heshima zao, mmoja Nungwi na mmoja nje ya mlango, hawakupata kukaa wakaulizana.

Tulijaza maji chupa ya dawa ya kikohozi, tukaigeuza juu chini ndani ya bakuli juu ya kijiti chetu, ili hewa iingie na kuyasukuma maji yatoke. Ilichukua karibu saa nzima. Sijapata kuwa na saa fupi kama hiyo. Alinieleza kwamba alisoma mpaka darasa la sita na alikuwa akipenda hesabu. Nami nikamweleza habari ya ubao na chaki, na uongo wangu kwa wanafunzi. Hakunihurumia. Alisema nikirudi skuli nende na bakuli na chumvi, nikawaambie kwamba mwaka jana nilikuwa sijui.

Kijiti cha pili, kile cha upande wa kichwa, kilitoa harufu kali kama ya maji ya kisima yaliyotiwa dawa, ikabidi tufungue dirisha mvua ituingilie. Hata hivyo harufu ilipita chini ya mlango. Tukamsikia Bi Zuwena huko nje anavuta pua, anajiuliza kwa sauti ni kitu gani kimeoza kwa maharusi, kisha nyayo zake zinakwenda kutafuta chetezo na udi.

Chupa ilipojaa nikaiinua, mdomo ukiwa chini, kwa sababu hewa hii ni nyepesi na ukiigeuza mdomo juu inakukimbia. Rukia akasema kibiriti atawasha yeye. Akakwangua njiti. Akaupeleka moto.

Mlio ule sikuutarajia. Ubaoni huwa naandika kwamba hulia, basi, kama vile kifaranga hulia. Chumba kizima kiliitika. Ndege waliojikinga mvua dirishani waliruka. Rukia alipiga ukelele akanishika mkono, na njiti ikamtoka ikazimikia majini, na tukabaki tumeshikana, hatuna lililovunjika, tunacheka bila ya sauti kama watoto waliojificha.

Nyumba ikanyamaza.

Ghorofa ya chini yetu, Mzee Abdalla akakohoa. Likasikika neno au mawili, tusiyoyafahamu. Kisha nyayo za Bi Zuwena zikapanda ngazi, polepole kuliko kawaida, zikasimama mlangoni.

"Bwana harusi," akasema, na sauti yake ilikuwa na adabu nyingi mno. "Baba anauliza, kitanda kizima?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Kitanda chetu ni cha samadari, kirefu, cha miguu ya kuchongwa, amekirithi mama mkwe kwa mamake. Rukia ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyofika mpaka chini: "Kizima, somo. Haidrojeni hiyo."

Bi Zuwena akaingia bila ya hodi, chetezo mkononi, moshi wa udi unamzunguka. Akalitazama bakuli. Akaitazama mikono yangu na masizi ya usoni, akavitazama vipuli kwenye masikio ya Rukia, ndipo akaelewa kwamba aliyemjibu mlangoni ni Rukia, mbele yangu. Akataka kujua ni nani aliyeanza. Rukia akakiri kwamba ni yeye. Bi Zuwena akakaa kitako juu ya mkeka, akasema kwamba miaka yote aliyofunda wari hajapata kuaibishwa, na kwa chumvi. Lakini alipoonyeshwa viputo aliinama akavitazama sana, akauliza kama hewa hiyo inaweza kumfaa mtu mwenye kifua.

Furaha ilinisahaulisha mkwe. Alasiri ilipoadhiniwa nikasikia mlango wake, nikasikia tochi inatolewa msumarini. Nikasikia swichi. Swichi tena. Kisha sauti ya mtu anayefungua kitako cha tochi na kuingiza kidole ndani.

Sijui nilishukaje. Nilimkuta amesimama penye giza, tochi tupu mkono mmoja, kifuniko mkono wa pili. Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba kama mtu asiye na haraka. Nikamnyoshea mawe yake matatu kwa mikono miwili, bado yamefungwa karatasi, nikaeleza yote kwa pumzi moja: maji, hewa, mlio, chumvi. Nilisema nimekosa. Yeye akayatia mawe ndani, akabonyeza. Ikatoka nuru nyekundu, dhaifu, haikufika hata miguuni kwake.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwalimu," akasema.

Nikainamisha kichwa nikidhani nimelaumiwa. Akaendelea, kwa sauti ya chini, kwamba siku nne hizi hakumsikia binti yake akisema katika chumba kile, na usiku amekuwa akijiuliza kama hakumwozesha mtu mkali. Leo amesikia mlio, na baada ya mlio amemsikia Rukia anajibu kwa furaha. Tochi, akasema, si kitu, mawe yanauzwa Darajani. Kisha akaitundika tochi msumarini, akanishika bega ili nimshushe ngazi mimi, hatua kwa hatua, na alipofika mlango wa nje akageuka akasema kesho niifanye tena hiyo haidrojeni, lakini ukumbini, na nipige hodi kwanza ili watu wazima wakae vizuri.

Niliporudi juu mvua ilikuwa imekatika na jua la jioni limeingia. Rukia alikuwa amemwomba Bi Zuwena ayatoe yale mawe tochini, na ameyapanga juu ya kizingiti cha dirisha yaote jua, kwani wanasema hurudisha moyo kidogo. Nilikuwa na azimio langu la siku ya saba, na nikaona sina subira ya kungoja siku ya saba.

"Rukia," nikasema, "ulikubali mwenyewe, au ulikubaliwa?"

Hakugeuka. Akalizungusha jiwe la katikati, likapata jua upande wa pili.

"Nngekuwa sikutaki," akasema, "nngekuachia na maji yako matupu."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, nisije nikayapamba baadaye. Wino bado haujakauka, na huko dirishani anasema jua linaondoka, mwalimu njoo uyageuze haya mengine.

Ananiita mimi.

Naam, Rukia. Nnakuja.